Shule Zilipofungwa Soko Lilibaki Wazi: Malezi ya Vijana Wakati wa Maradhi ya Mlipuko

Mazungumzo yaliyoandaliwa kwa ajili ya walimu na watumishi wa umma wa maeneo ya Posta na Kariakoo, Dar es Salaam



Tarehe 16 Machi, 2020 ilitangazwa kwamba mgonjwa wa kwanza wa UVIKO-19 amepatikana nchini, huko Arusha. Siku iliyofuata Waziri Mkuu, Kassim Majaliwa, alitangaza kufungwa kwa shule zote za awali, za msingi na za sekondari kwa muda wa siku 30. Vyuo navyo vikafuata. Mwezi wa Aprili muda huo uliongezwa, na safari hii haukutajwa mwisho wake. Wanafunzi wa kidato cha sita na wa vyuo walirejea masomoni tarehe 1 Juni, na shule nyingine zote zikafunguliwa tarehe 29 Juni. Tangu 17 Machi hadi 29 Juni ni siku 104.

Mazungumzo haya hayakusudii kuuhukumu uamuzi huo. Karibu kila nchi duniani ilifunga shule zake mwaka huo, na nyingine zilifunga kwa muda mrefu zaidi. Kenya ilianza kuwarudisha wanafunzi wa madarasa machache mwezi wa Oktoba 2020, na waliobaki wakarudi tarehe 4 Januari, 2021. Uganda haikufungua shule zake zote kikamilifu mpaka tarehe 10 Januari, 2022. Kwa kipimo hicho, siku 104 za Tanzania Bara zilikuwa chache. Linalofaa kuulizwa ni jambo jingine: katika siku hizo 104, kijana wa miaka 13 hadi 19 alilelewa na nani?

Swali hilo halijapitwa na wakati. Shirika la Afya Duniani lilitangaza tarehe 5 Mei, 2023 kwamba UVIKO-19 si dharura tena ya afya ya kimataifa. Lakini mwezi wa Machi mwaka huohuo ugonjwa wa Marburg ulithibitishwa mkoani Kagera, na Januari 2025 ukathibitishwa tena mkoani humo, wilayani Biharamulo. Machi 2025 wagonjwa wa homa ya nyani walithibitishwa nchini. Kipindupindu, kilicholisumbua Jiji la Dar es Salaam kuanzia Agosti 2015, ni mgeni ambaye hajawahi kusahau njia. Kwa hiyo hapana budi mambo ya mwaka 2020 yatazamwe kwa utulivu sasa, wakati hakuna kengele inayolia, ili kengele ikilia tena kila mmoja ajue mahali pake.

KIJANA NA SOKO

Maeneo ya Posta na Kariakoo yana sura yake ya pekee katika jambo hili. Shule za sekondari za katikati ya Jiji, kama vile Azania, Jangwani, Kisutu, Zanaki, Tambaza na Benjamin Mkapa, hupokea wanafunzi wengi wasioishi karibu nazo. Kila alfajiri hutoka Mbagala, Gongo la Mboto, Kimara na Tegeta kwa daladala na mabasi ya mwendokasi, na wengine huvuka kwa kivuko kutoka Kigamboni. Jioni hurudi makwao kwa njia hizohizo. Mwalimu wa Kariakoo humjua mwanafunzi wake kwa sare, kwa mwandiko na kwa alama za mtihani, lakini mara nyingi hajui anakolala. Shule ilipofungwa, kijana huyo alipotea katika macho ya mwalimu wake siku ileile.

Jambo la pili ni hili. Nchini Tanzania shule zilifungwa, lakini masoko hayakufungwa. Ofisi, nyumba za ibada na maduka viliendelea, ndoo za maji tiririka na sabuni zikawekwa milangoni, na mabasi yakaagizwa kubeba abiria waliokaa tu. Sababu ilikuwa wazi: sehemu kubwa ya wakazi wa Jiji hula jioni kile walichokipata mchana. Mama lishe na mchuuzi wa barabarani hawana akiba ya kuwafungia ndani kwa miezi mitatu.

Lakini matokeo yake kwa kijana yanapaswa kusemwa bila kuficha. Kijana aliondolewa darasani kwa sababu ya msongamano, kisha akajikuta katika msongamano mkubwa zaidi. Wapo waliofuatana na wazazi wao sokoni kwa kuwa nyumbani hapakuwa na mtu wa kubaki nao. Wapo waliotumwa kuuza mifuko, maji, barakoa na vitambaa katika Mtaa wa Kongo na pembezoni mwa Msimbazi. Darasani angekuwepo mwalimu wa kumwambia anawe mikono na avae barakoa sawasawa. Sokoni hakuwepo yeyote mwenye kazi hiyo. Kinga iliyokusudiwa ikawa nusu kinga.

Tena kuna jambo lisilopimwa na kipimajoto. Kijana aliyekaa sokoni miezi mitatu alishika fedha yake mwenyewe. Aliona kwamba soko humlipa mtu jioni ya siku ileile, ilhali shule humwahidi malipo baada ya miaka mingi. Hakuna kosa katika kufanya kazi, na mtoto anayewasaidia wazazi wake anastahili heshima. Hatari ni pale ambapo hapana mtu mzima wa kumsaidia kuyapima mambo hayo mawili. Kijana aliyerudi shuleni tarehe 29 Juni hakuwa yuleyule aliyeondoka mwezi wa Machi, na pale alipopokewa kwa mazoezi ya mtihani tu, bila kuulizwa alikuwa wapi na alikuwa akifanya nini, moyo wake ulibaki sokoni ingawa mwili wake umekaa darasani.

REDIO NA KIKUNDI

Haiwezi kusemwa kwamba hakuna lililofanyika. Vipindi vya masomo vilitangazwa kwa redio na televisheni, na Taasisi ya Elimu Tanzania iliweka vitabu vya kiada katika maktaba yake ya mtandao. Hizo zilikuwa juhudi za kweli. Lakini kipindi cha redio humfikia kila mtu kwa sauti moja, wala hakijui nani amekisikiliza na nani amelala. Kijana mwenye simu ya kisasa, chumba chake na mzazi aliyesoma alifaidika. Kijana anayelala chumba kimoja na ndugu zake watano, ambaye redio ya nyumbani ni ya baba na huondoka nayo, hakufaidika.

Hapa yafaa kukumbuka kwamba nchi hii ilikwisha kuitumia redio kwa elimu ya afya kwa namna iliyosifiwa ulimwenguni. Mwaka 1973 iliendeshwa kampeni ya Mtu ni Afya. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, ambayo makao yake yapo hapahapa katikati ya Jiji, Barabara ya Bibi Titi Mohamed, ilikuwa mhimili wake. Kwa wiki 12 watu wazima wapatao milioni 2 walijifunza habari za malaria, kuhara, safura, kichocho na kifua kikuu, kisha wakachimba vyoo, wakafyeka majani na kufukia madimbwi.

Siri ya kampeni ile haikuwa redio peke yake. Hakuna aliyetakiwa kusikiliza akiwa pekee. Wananchi waligawanywa katika vikundi vidogo. Kila kikundi kilikuwa na kiongozi aliyepewa mafunzo, na kilikuwa na kitabu kilichoandikwa kwa lugha nyepesi. Redio ilipomaliza kusema, kitabu kilisomwa kwa sauti, watu wakajadiliana, kisha wakakubaliana jambo moja la kutenda kabla ya kukutana tena. Aliyekosa kufika alijulikana na kuulizwa. Redio ilileta habari, lakini kikundi ndicho kilicholeta ari.

Mwaka 2020 redio ilikuwepo, na vitabu vilikuwepo. Kilichokosekana ni kikundi na kiongozi wake. Atakayesema kwamba kikundi kisingewezekana kwa sababu ya maambukizi ana hoja, nayo inastahili jibu. Katika majengo ya Kariakoo, yawe nyumba za zamani za vyumba sita zenye uani mmoja au maghorofa ya leo yenye ngazi moja, vijana wa kaya mbalimbali hushirikiana bomba, choo, ngazi na kibaraza kila siku. Vijana watano wa nyumba moja wakikaa uani saa moja, mahali penye hewa, kwa nafasi kati yao, kusoma na kujibu maswali ya kipindi cha siku hiyo, hawaongezi maambukizi yoyote makubwa juu ya yale wanayokutana nayo kwa kuishi pamoja. Tena saa hiyo wameondolewa katika umati wa Mtaa wa Kongo. Kikundi cha namna hiyo hakikiuki kinga. Hicho chenyewe ni kinga.

MWILI WA KIJANA

Watu wengi hudhani kwamba kijana, kwa kuwa hashikwi sana na maradhi kama mzee, hana haja ya kuangaliwa. Ni kweli kwamba UVIKO-19 uliwaua zaidi wazee na wenye maradhi ya kudumu kama kisukari na shinikizo la damu. Lakini afya ya kijana haiharibiwi na kirusi peke yake. Huharibiwa pia na mvurugiko wa siku yake.

Kijana wa umri wa sekondari huhitaji usingizi wa saa 8 hadi 10 kwa usiku. Shule inapofungwa, kengele ya asubuhi hunyamaza, kijana hukesha na simu mpaka saa nane za usiku, akaamka saa tano mchana akiwa mzito na mwenye hasira. Baada ya wiki tatu mzazi humwita mvivu, naye huanza kuamini kwamba ndivyo alivyo. Ugonjwa wa uvivu huo ni saa iliyopotea. Dawa yake ni ratiba: kuamka kwa saa ileile, kuoga, kuvaa nguo za mchana na kuwa na jambo la kufanya kabla ya saa tatu asubuhi.

Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba mtoto na kijana wa miaka 5 hadi 17 apate walau dakika 60 za mazoezi kila siku. Mwaka 2020 ligi za mpira na michezo ya shule ilisimamishwa pamoja na mikusanyiko mingine. Kusimamisha mashindano ilikuwa lazima, ila kuruka kamba uani, kukimbia alfajiri katika viwanja vya Mnazi Mmoja au Kidongo Chekundu, na kupanda ngazi za ghorofa mara kumi si mashindano wala si mkusanyiko. Mwalimu wa michezo angeweza kuwapa wanafunzi wake mazoezi ya wiki, kila mmoja akaandika katika daftari alichofanya, na daftari likasahihishwa shule inapofunguliwa. Kijana hupenda kuona namba yake ikipanda. Aliyeruka kamba mara 50 Jumatatu atataka kuruka mara 60 Ijumaa, bila ya kusukumwa na mtu.

Kuhusu chakula, kufungwa kwa shule zilizokuwa zikitoa uji au chakula cha mchana ni kuwaondolea baadhi ya wanafunzi mlo wao wa uhakika. Watumishi wa ustawi wa jamii na wa afya wanapaswa kuwa na orodha ya wanafunzi hao mapema, siyo kuanza kuwatafuta njaa imekwisha kuingia.

MOYO WA KIJANA

Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, kijana mmoja katika kila saba wa umri wa miaka 10 hadi 19 ana tatizo la afya ya akili, na theluthi moja ya matatizo hayo kwa mtu huanza kabla hajafika miaka 14. Hali hiyo ipo hata pasipo na mlipuko wa maradhi. Mlipuko huyaongezea uzito: mazishi katika mtaa, hofu ya kumpoteza mzazi, kipato cha nyumbani kuanguka, na kutokujua shule itafunguliwa lini.

Hilo la mwisho halikupewa uzito uliostahili. Mwanafunzi aliyeambiwa siku 30 alizihesabu. Alipoambiwa kwamba sasa mwisho haujulikani, wengi waliweka vitabu kando. Mtu hawezi kukimbia mbio zisizo na utepe. Pale ambapo Serikali haiwezi kutaja tarehe, kwa kuwa maradhi hayana kalenda, mwalimu anaweza kutaja tarehe zake ndogo: Ijumaa hii sura ya tatu iwe imekwisha, Jumatano ijayo insha moja, mwisho wa mwezi jaribio la maswali ishirini. Utepe uwe karibu, kijana auone.

Kadhalika kijana hapati ari kwa kuambiwa tu kwamba yeye ni taifa la kesho. Hupata ari anapopewa kazi ya leo anayoonekana kuiweza. Katika nyumba, kijana wa kidato cha tatu anaweza kuwa msimamizi wa ndoo ya maji na sabuni, mwalimu wa wadogo zake wa darasa la nne, msomaji wa tangazo la Wizara ya Afya kwa bibi asiyeona vizuri. Aliyekabidhiwa jukumu hulinda heshima ya jukumu hilo, na katika kulilinda hujilinda mwenyewe.

Ziko dalili ambazo mwalimu na mzazi hawapaswi kuzipuuza: kijana aliyekuwa mchangamfu akajitenga, anayekataa chakula kwa siku nyingi, anayesema kwamba maisha yake hayana maana. Huyo hahitaji kukemewa wala kutishiwa fimbo. Anahitaji kusikilizwa kisha kupelekwa kwa mtaalamu. Simu ya huduma kwa mtoto, namba 116, hupigwa bila malipo. Namba hiyo ingefaa kuandikwa katika kila daftari la mwanafunzi kama inavyoandikwa ratiba ya vipindi.

MSICHANA

Siku 104 hazikuwa sawa kwa mvulana na msichana. Msichana aliyebaki nyumbani alibebeshwa kazi za nyumba nzima, na katika nyumba nyingine alibaki peke yake na watu wasiofaa kuachiwa mtoto. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 juu ya wasichana wa sekondari magharibi ya Kenya ulionyesha kwamba waliopatwa na kipindi kile cha kufungwa walikuwa katika hatari mara mbili ya kupata mimba kabla ya kumaliza masomo, na mara tatu ya kuacha shule, wakilinganishwa na waliowatangulia. Katika Sierra Leone, wakati wa ebola mwaka 2014 na 2015, hali kama hiyo ilionekana, na wasichana wenye mimba wakazuiwa kurudi madarasani mpaka marufuku hiyo ilipoondolewa mwaka 2020.

Nchini Tanzania, sheria iliyorekebishwa mwaka 2016 inatoa adhabu ya kifungo cha miaka 30 kwa anayempa mwanafunzi mimba, na tarehe 24 Novemba, 2021 Serikali ilitangaza kwamba mwanafunzi aliyekatisha masomo kwa sababu ya ujauzito ataruhusiwa kurejea shuleni. Sheria ya kwanza ni ya kumlinda, na tangazo la pili ni la kumrudisha. Lakini karatasi haziendi mtaani kwa miguu yake. Ni mwalimu wa malezi, ofisa ustawi wa jamii na ofisa mtendaji wa mtaa wanaojua mlango wa kugonga. Msichana ambaye hakuonekana siku shule zilipofunguliwa alipaswa kutafutwa wiki hiyohiyo. Baada ya miezi sita huwa ameshakuwa mke wa mtu au mtumishi wa ndani katika nyumba ya mbali.

UKWELI NI SEHEMU YA DAWA

Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI walitambuliwa mkoani Kagera. Watu waliuita ugonjwa huo Juliana, kwa jina la vitambaa vilivyopendwa wakati huo, na baadaye vijana wakayageuza maneno yake kuwa mzaha wa kujipa moyo: acha iniue. Mzaha huo ulizaliwa mahali ambapo maelezo yalichelewa. Kijana asipopewa maelezo hujitungia.

Mwaka 2020 jambo hilo lilijirudia kwa kasi ya simu za mkononi. Tangu mwezi wa Mei mwaka huo takwimu za wagonjwa hazikutolewa tena kwa utaratibu, mpaka mwaka uliofuata. Aprili 2021 Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza nia ya kuunda kamati ya wataalamu, na tarehe 28 Julai, 2021 alizindua chanjo Ikulu ya Dar es Salaam kwa kuchanjwa yeye mwenyewe hadharani. Katika miezi ya katikati, kijana aliyeona misiba mtaani na kusikia redioni kwamba hakuna tatizo alibaki kuamini kila ujumbe uliomfikia. Ilikuwa vigumu baadaye kumwambia kwamba sasa asikilize.

Funzo lake kwa walimu na watumishi wa umma ni moja. Kijana hustahimili habari mbaya kuliko wakubwa wanavyodhani. Asichostahimili ni kugundua kwamba alidanganywa. Mwalimu wa sayansi aweze kumwambia kwa maneno manyoofu kirusi ni nini, huambukizwa vipi, kujifukiza kunaweza nini na hakuwezi nini, na namba 199 ya Wizara ya Afya ni ya kazi gani. Pale ambapo mwalimu hajui, aseme kwamba jambo hilo wataalamu bado wanalichunguza. Neno hilo halimshushii heshima.

KAZI ILIYO MBELE

Ndugu walimu na watumishi, mambo yote yaliyotajwa yanaweza kufanyika bila jengo jipya wala mfadhili. Yanahitaji maandalizi ya aina tatu, na wakati wake ni huu wa amani.

Kwanza ni daftari. Kila shule ya sekondari ya Posta na Kariakoo iwe na orodha ya wanafunzi wake kwa mitaa wanakolala, pamoja na namba ya simu ya mzazi na ya jirani mmoja. Mwalimu mmoja akabidhiwe wanafunzi wasiozidi thelathini, awe na wajibu wa kumpigia kila mmoja wao walau mara moja kwa wiki shule ikifungwa. Simu ya dakika tatu, mwalimu akamtaja mwanafunzi kwa jina lake na kumwuliza hali ya mama yake, ina nguvu kuliko matangazo kumi. Halmashauri ya Jiji ipange mapema fedha za simu hizo, kwani si haki gharama yake itoke katika mshahara wa mwalimu.

Pili ni kikundi. Maofisa elimu kata wakae na wenyeviti wa serikali za mitaa na kuorodhesha nyumba zenye vijana wa sekondari, bila kujali wanasoma shule gani. Kijana wa Mbagala anayesoma Kariakoo aweze kuingia katika kikundi cha Mbagala. Kiongozi wa kikundi anaweza kuwa mwalimu mstaafu, mwanafunzi wa chuo aliyerudi nyumbani, au mzazi mmoja mwenye subira. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ina uzoefu wa nusu karne katika kazi ya kuandaa viongozi wa namna hiyo, na katika barabara hiyohiyo ipo Maktaba Kuu ya Taifa, iliyofunguliwa Desemba 1967. Ujuzi na vitabu vipo umbali wa kutembea kwa miguu kutoka ofisi nyingi za Posta.

Tatu ni siku ya kurudi. Shule ikifunguliwa, wiki ya kwanza isiwe ya mtihani. Iwe ya kuita majina. Kila jina lisiloitikiwa liandikwe, na kabla ya Ijumaa mtu awe amekwenda kwao. Wale waliorudi waulizwe walikuwa wapi, na jibu lolote lipokewe bila dhihaka. Aliyeuza maji Msimbazi amejifunza hesabu ya faida na hasara. Mwalimu wa hesabu aanze hapo. Aliyefiwa apewe nafasi ya kulitaja jina la marehemu wake. Ndipo kitabu kifunguliwe.

Udongo uwahi ungali maji. Mfinyanzi hangoji mpaka chungu kikauke ndipo akumbuke kwamba hakukitengenezea mdomo. Vijana waliokuwa kidato cha kwanza mwezi wa Machi 2020 sasa ni watu wazima. Wengine wana vibanda vyao Kariakoo, na wengine hakuna ajuaye waliko kwa sababu hakuna aliyeandika. Wapo wengine sasa katika madawati waliyoyaacha, na majina yao yanaweza kuandikwa wiki hii.